Gari la Mahfudh Lina Taa

Jumamosi ile Khairiya alikuwa hakaliki. Akiketi kitandani, ainuka. Akiinuka hana pa kwenda ila ukumbini. Akifika ukumbini huchungulia kwenye vipenyo vya roshani, akaliona gari liko pale pale chini, limebanwa ukutani ili mikokoteni ipate kupita, naye hurudi chumbani akaanza upya. Mwanamke aliye edani hukaa. Amefiwa na mume, basi avae nguo zisizo na nakshi, asijitie udi wala hina, asitoke nje, asubiri miezi yake ipite. Khairiya alikuwa amelitimiza kila sharti, lakini miguu yake ilikuwa haijapata habari.

Mumewe, Mahfudh, alikuwa muuza leso katika Biashara Street. Mchana mmoja alianguka dukani hali amekamata ncha ya robota, na hakuinuka tena. Tangu siku hiyo watu walikuwa wakipanda ngazi za nyumba ile ya Ndia Kuu kuja kumweleza mjane wake jinsi marehemu alivyokuwa mpole. Hapana aliyewahi kusikia neno "la" likitoka kinywani mwake, walisema. Mteja akitaka kurudisha leso aliyokwisha kuifua, Mahfudh aliipokea. Khairiya aliitikia kwa kichwa, akawaagizia kahawa, akangoja waondoke ili arudi roshani kulitazama gari.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la Kijapani, mojawapo ya yale ya mitumba yaliyokuwa yakiteremshwa bandarini kwa mamia miaka ile ya tisini na kitu, yakiwa bado yana vibandiko vya maandishi ambayo hakuna mtu Mombasa nzima aliyeweza kuyasoma. Mahfudh alilipenda. Na jambo ambalo wageni wa msiba hawakulijua ni kwamba alikuwa akimfundisha mkewe kuliendesha. Kila Jumapili alasiri, malori yakiwa yamepumzika, walikwenda Mbaraki nyuma ya maghala, wakabadilishana viti, na Khairiya akashika usukani. Alifika gia ya tatu. Alijua kurudi nyuma pasi na kugonga kitu. Alikuwa ameanza kuota njia ya Malindi kwa dadake, madirisha wazi, peke yake.

Halafu ikawaka taa. Taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la injini, iliyokataa kuzimika. "Tusubiri kwanza," Mahfudh alisema. "Gari ina taa. Mimi nimeizoea, lakini mwanafunzi ataimaliza." Jumapili za Mbaraki zikasimama. Khairiya akasubiri taa izimwe, na kabla taa haijazimwa, aliyezimika akawa Mahfudh.

Sasa kaka mkubwa wa marehemu, Aidarus, ndiye aliyekuwa akisimamia mambo. Aidarus hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alileta unga, alileta samaki, kila Ijumaa alikuja kuliwasha gari betri isife. Lakini alikuwa mtu wa kuamua. Aliiona ile taa, akaita fundi, fundi akatazama, akasikitika kwa kichwa, akasema kompyuta ya injini imekufa na kompyuta mpya haipatikani. Gari livunjwe, liuzwe spea. Aidarus akakubali papo hapo. Fundi angekuja Jumamosi baada ya sala ya alasiri na kamba ya kulivuta, na Aidarus aliuacha ufunguo kwa Khairiya kabisa, ili siku hiyo afike na kuuchukua tu.

Ndiyo maana miguu haikutulia. Khairiya hakumwambia shemeji yake kwamba alilitaka gari lile. Angelitaka la nini, mwanamke asiyeendesha? Angalisema ukweli, angalimfichua marehemu aliyekuwa akimfundisha kwa siri. Basi alinyamaza mbele ya shemejiye, akampigia simu shoga yake.

Kadzo aliingia adhuhuri, moja kwa moja kutoka kazini, jasho linamtiririka. Walisoma pamoja sekondari, yeye mtoto wa Rabai, Khairiya mtoto wa Mji wa Kale, wakazoeana hata wakawa hawabishiani hodi. Kadzo alikuwa karani katika ofisi ya kutoa magari bandarini, kule kule Mbaraki, na kutwa nzima alikuwa akisikia mazungumzo ya madereva.

"Menza wa ofisini kwetu asema taa hiyo yaulizwa," Kadzo alisema, akijipepea na mtandio wake. "Si lazima fundi. Kuna kijisanduku chini ya boneti, kina vitundu. Waunganisha vitundu viwili kwa kipande cha waya, wawasha swichi bila ya kupiga injini, taa yaanza kupepesa. Wahesabu. Kila ugonjwa una hesabu yake."

"Wewe Kadzo, usinicheze shere."

"Haki ya Mungu. Waya huu hapa, kanipa mwenyewe." Akatoa kibeti chake, akatoa waya mfupi uliochunwa ncha zote mbili.

Khairiya alimpa ufunguo kabla hajamaliza kunywa maji. Kisha akasimama nyuma ya roshani, akaminya uso kwenye mbao, akamtazama shoga yake akihangaika na boneti huku mpita njia mmoja akimwuliza kama amepoteza hereni mle ndani. Kiongozi wa watalii aliyekuwa akitoka Ngome ya Yesu na Wazungu wake alisimama nao kidogo, wakatazama na wao, kana kwamba Kadzo na boneti lake ni sehemu ya matembezi. Kadzo hakumjali mtu. Aliufungua mfuniko wa kijisanduku, akachomeka waya, akaingia ndani ya gari, akakaa, akatoka, akapanda ngazi.

"Nne," akasema, anahema.

Walimpigia Menza simu. Khairiya hakusema naye, alitia tu sikio kwenye mkono wa simu upande wa pili, vichwa viwili vimegongana. Menza alisema nne peke yake hapana. Hakuna gari linalosema nne. Amehesabu vibaya: baina ya tarakimu na tarakimu taa hutua kidogo, na kutua huko ndiko kunakotakiwa.

"Ilitua?" Khairiya akauliza.

"Mimi nitajuaje kama ilitua? Jua kali, mato yaniuma kwa kukodoa, na yule mtu wa hereni yuwaniuliza maswali."

Khairiya alitamani kushuka. Ngazi zilikuwa hatua chache tu, na mlango wa chini ulikuwa wazi. Angeweza kujitupia buibui, akafika, akaona kwa macho yake. Lakini mtaa mzima ungejua kabla hajarudi juu, na Aidarus angejua kabla ya mtaa. Akazunguka meza. Akazunguka tena.

"Shuka," akasema. "Kila taa ikipepesa, bonyeza honi. Ikitua, nawe tua. Mimi nitasikia."

Na ndivyo Ndia Kuu ilivyopata kusikia gari la marehemu likilia adhuhuri ile. Pi, pi. Kimya kidogo. Pi, pi. Kimya kirefu. Kisha tena, vile vile. Jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akingojea teksi ya kwenda harusini, alitoka mbio na viatu mkononi, akaona si teksi, akarudi akinung'unika. Mtu fulani ghorofa ya juu alisema hii ni nyumba ya msiba, watu waone haya. Khairiya hakuwasikia. Alikuwa amefumba macho na kuinua vidole, viwili mkono huu, viwili mkono huu, kama mtoto aliyepewa jibu la mtihani.

"Mbili na mbili," Menza alisema, Kadzo alipokwisha kupanda na kumpigia tena, "hiyo ni joto. Kuna kidude chapima joto la maji ya injini, karibu na bomba la kwendea rejeta. Labda kimekufa, labda soketi yake ya nyaya imelegea. Kiangalieni."

"Fundi asema kompyuta imekufa," Kadzo akamwambia.

Menza akacheka. "Sasa hiyo hesabu imepigwa na nani, kama si kompyuta?"

Kadzo alishuka mara ya tatu. Safari hii alikawia. Khairiya alimwona ameinama mpaka kiunoni ndani ya boneti, kisha akamwona amesimama wima, amekamata kitu, anakitazama. Kisha akainama tena, akasukuma kitu kwa nguvu, akaingia ndani, akapiga injini. Injini ikalia mara moja, sauti tulivu ya gari lisilo na neno na mtu. Kadzo akatoa mkono dirishani, akaupeperusha kuelekea roshani.

Taa ilikuwa imezimika.

Khairiya alicheka peke yake ukumbini. Alicheka akajiziba mdomo kwa upindo wa leso, kwa kuwa kicheko cha mjane huvuka ukuta upesi. Gari zima. Gari halina ugonjwa. Akamfungulia Kadzo mlango kabla hajabisha.

"Soketi haikulegea," Kadzo alisema. Alikuwa na mafuta meusi mpaka kwenye kiwiko, na uso wa mtu mwenye habari tamu. "Ilitolewa. Ilitolewa, ikafunikwa kwa nailoni isiingie vumbi, ikafungwa kwa uzi. Tazama."

Alimwekea Khairiya kiganjani kipande cha nailoni ngumu, ile inayofunikia leso mpya, na uzi mweupe uliokatwa upande mmoja. Fundo lilikuwa bado zima. Khairiya hakuwa na haja ya kulichunguza. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amefungua vifurushi vilivyofungwa fundo lile, kitanzi kimoja kimelala upande, ukivuta ncha kinafunguka chenyewe, mteja asijisumbue. Biashara Street nzima hakuna aliyefunga vile ila mmoja.

"Mumeo alikuwa mjanja bwana," Kadzo akacheka, akajitupa kochini. "Walimchosha. Leo harusi ya huyu, kesho mgonjwa wa yule, keshokutwa mtu aenda kupokea mgeni. Na yeye hawezi kukataa. Basi akajiwashia taa. 'Samahani ndugu yangu, gari ina taa.' Nani atabisha? Mimi nimependa."

Khairiya naye alicheka. Ilikuwa mchezo wa Mahfudh hasa, kukataa bila ya kukataa. Alimwona akilini amejiinamia usiku wa manane chini ya boneti, anafunga kifundo chake kwa uangalifu, mtu mzima mwoga wa majirani. Akataka kumsamehe pale pale.

Kisha kicheko kikaanza kumpungua. Kwa sababu alikumbuka harusi ya mtoto wa jirani, yule yule wa mlango wa pili. Bibi harusi alibebwa na gari hili, limepambwa maua mpaka kwenye vioo, na taa ilikuwa inawaka. Yeye mwenyewe aliketi mbele, aliiona. Akakumbuka shangazi aliyechukuliwa Kilifi. Akakumbuka yule mzee wa barazani aliyeugua akapelekwa hospitali, na yule jamaa wa dukani aliyeliazima siku mbili akalirudisha limejaa mchanga. Taa ilikuwa inawaka siku zote hizo. Mahfudh hakumnyima gari mtu yeyote. Alitoa ufunguo kama alivyokuwa akitoa kabla ya taa kuwaka, na tabasamu juu.

Lililosimama ni moja tu, Jumapili za Mbaraki.

"Kadzo," akasema. "Hakuna aliyekataliwa."

"Vipi?"

"Fikiri. Nani alikatazwa gari hii kwa sababu ya taa?"

Kadzo alifungua mdomo ili ataje jina, akakosa la kutaja. Akamtazama shoga yake, akajiinua polepole kochini.

Aidarus alikuja baada ya alasiri kama alivyoahidi. Walizungumza kama walivyozungumza tangu eda ianze, yeye amesimama ukumbini, Khairiya nyuma ya pazia la chumba.

"Salamu alaikum, shemeji. Umeshindaje?"

"Alaikumu salamu. Alhamdulillahi, shemeji. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wakusalimu sana. Fundi yuko chini na kamba yake. Nipe huo ufunguo tusimweke."

"Gari imepona," Khairiya akasema.

Kadzo, aliyekuwa amekaa pembeni, akainuka akaupokea ufunguo kutoka nyuma ya pazia, akampa Aidarus, akamwomba ashuke ajionee. Alishuka. Walisikia injini ikiwaka, ikanguruma kitambo, ikazimwa. Aliporudi alipanda ngazi moja moja.

"Imezimika kweli. Imetengezwa na nani?"

"Haikutengezwa. Kadzo, mpe shemeji ule uzi."

Kadzo akampa. Khairiya hakuweza kumwona Aidarus uso, ila aliona miguu yake chini ya pazia, na aliiona ikirudi nyuma nusu hatua. Ndugu wawili hao walikulia duka moja, wakifunga robota moja. Hakuhitaji kuambiwa fundo la nani.

"Shemeji," Khairiya akasema, "mimi niko edani, sitaki maneno mengi. Nataka kujua jambo moja. Alifanya hivi kwa nini?"

"Sikujua kama alifanya hivi. Wallahi sikujua. Lakini nilimwambia mimi."

"Ulimwambia nini?"

"Watu walikuwa wakisema barazani. Kwamba mke wa Mahfudh aonekana Mbaraki ameshika usukani, Mahfudh ameketi kando kama mgeni. Niliona haya. Nikamwambia akukataze. Akasema hawezi. Nikamwambia mimi ndimi kaka yake, nami nimesema. Akakaa siku mbili tatu, akanijia, akaniambia amepata ndia, hapatakuwa na ugomvi, nisimuulize zaidi." Sauti ya Aidarus ilikuwa imeshuka. "Sikumuuliza. Nilifurahi kuwa kanisikiliza."

Nyuma ya pazia Khairiya alisimama amekamata mwimo wa mlango. Hasira ilimpanda kwa mfululizo, kwanza kwa baraza, kisha kwa Aidarus, kisha ikawapita wote wawili ikaenda kumkuta mtu aliyekuwa kaburini na ambaye mji mzima ulikuja kumsifu upole. Angalimwambia tu. Angalimwambia, "Kaka amenikataza," na yeye angalipiga kelele, angalinuna wiki nzima, angalikwenda Malindi kwa dadake kwa basi akakaa mpaka afuatwe. Pengine angalishindwa. Pengine angalishinda. Lakini Mahfudh alimnyima hata ugomvi. Alimpa taa ya kungojea, naye akaingojea, na kila Jumapili akamwuliza kwa upole kama taa imezimika, na kila Jumapili yule bwana mpole akamtazama usoni akamwambia bado.

"Shemeji Aidarus."

"Naam."

"Gari haivunjwi. Ikigawanywa mirathi, itiwe kwenye fungu langu. Mwambie fundi arudi na kamba yake."

"Lakini shemeji, itakaa tu pale ioze. Nani ataiendesha?"

"Mimi. Eda ikisha. Nawe ndiwe utakayenitafutia mwalimu, na utakwenda barazani uwaambie wewe mwenyewe, kabla hawajaniona. Usiniachie mimi, wala usitafute ndia."

Mtaani mtu wa mkokoteni alikuwa akiwapigia watu kelele wampishe. Khairiya alingoja Aidarus amwambie kwamba watu watasema, kwamba marehemu asingependa, kwamba yeye ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Alikuwa na majibu ya yote, nayo yalimwasha ulimini.

"Wataniteka mbavu ziwaume," Aidarus alisema mwishowe.

"Na wakuteke."

Chini ya pazia aliuhamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda mguu huu. Kisha mkono wake ukaingia kwa pembeni, ukauweka ufunguo juu ya kiti kilichokuwa mlangoni. Hakuagana. Walimsikia chini akibishana na fundi, fundi akidai kwamba kupona kwa gari bila yeye kuligusa si jambo la kawaida, Aidarus akimjibu kwa mkato, na baadaye sauti zote mbili zikapotea upande wa Ngome.

Kadzo alikwenda jikoni kuosha mafuta mikononi na kubandika chai. Maji yalipokuwa yakichemka alisikia kilio, si cha kujizuia, kilio cha mtu anayepaliwa, ambacho hakikumtoka Khairiya siku ya mazishi wala siku yoyote ya hitima. Akaacha birika na vikombe, akakimbia chumbani. Khairiya alikuwa amejiinamia kwenye upande wa kitanda aliokuwa akilala mumewe, anaupiga mto kwa kiganja.

"Mlilie, shoga yangu," Kadzo akamwambia, akimshika mabega. "Mlilie, ni haki yako."

"Simlilii," Khairiya akasema, na maneno yalimtoka kwa shida. "Namgombeza. Niache nimgombeze."